Alama Elfu Kumi kwa Neno Lisilo Sahihi: Kuchagua Mchezo wa Video wa Kuimba kwa Sikio la Mwanafunzi wa Toni

Kila mwanafunzi wa lugha za Kiafrika anafika siku moja mbele ya sauti iliyorekodiwa na kuulizwa: silabi hii iko juu au chini? Wengi wetu tunabahatisha. Kiswahili, ambacho tunakisema tangu utoto, kimepoteza toni za kutofautisha maneno. Kimebaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Hata wale ambao nyumbani wanasema lugha ya toni wanaitumia toni bila kuijua, kama vile mtu anavyotembea bila kuhesabu hatua. Ndiyo maana wazo limeenea kati yetu kwamba michezo ya video ya kuimba, ile inayosikiliza sauti yako na kukupa alama, inaweza kufunza sikio. Nataka kulichunguza wazo hilo hapa: michezo hiyo inapima nini hasa, upi uchaguliwe, na kwa kazi gani.

Tuanze na kinachopimwa. Ukisema “aaa”, nyuzi za sauti kooni zinatetema mara kadhaa kwa sekunde. Idadi ya mitetemo hiyo ndiyo inayosikika kama kidatu. Noti ya la ambayo wanamuziki wanapatanisha vyombo vyao nayo ina mitetemo 440 kwa sekunde. La ya chini yake ina 220, ya juu yake 880. Kila mara idadi inapozidishwa kwa mbili tumepanda oktava moja, na oktava hiyo imegawanywa katika hatua 12 ndogo. Wanakwaya wanaijua hatua moja ya namna hiyo: ni mwendo kutoka mi hadi fa. Mchezo unachukua sauti kutoka kwenye mikro, unatafuta mitetemo inajirudia kila baada ya muda gani, unageuza jibu kuwa mojawapo ya hatua 12, kisha unalinganisha na noti iliyoandikwa mahali hapo pa wimbo. Inafanyika mara nyingi kwa sekunde, basi.

Tazama yaliyoachwa nje. Maneno hayahesabiwi. Ukivumisha “mmm” kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kidatu sahihi, utapata karibu alama zote. Konsonanti kama s, sh, f, p, t na k hazina mtetemo wa nyuzi za sauti, kwa hiyo kwa mchezo ni kimya kitupu. Mwimbaji anayetamka vizuri anaweza kupoteza kidogo mbele ya yule anayevumisha. (Kwa mwanafonetiki hilo ni somo zuri kuliko kurasa kumi za maelezo juu ya ughuna.) Oktava nayo haihesabiwi katika michezo mingi ya aina hii: mwanaume akiimba wimbo wa mwanamke oktava moja chini, mchezo unakubali. Kwa muziki ni jambo la busara. Kwa toni tutaliona tena.

Sasa michezo yenyewe. Karaoke Revolution, iliyotengenezwa na Harmonix, ilitoka 2003. SingStar ya Sony ikafuata 2004 kwenye PlayStation 2 na kuuzwa sana Ulaya. Rock Band ya 2007 iliweka mwimbaji pamoja na gitaa na ngoma. Siku hizi kuna mfululizo wa Let’s Sing, wenye matoleo ya nchi mbalimbali, na lile la nyimbo za Kifaransa. Ukitaka kufurahi na wenzako Jumamosi jioni, na una kifaa chake na fedha za kukilisha, lolote kati ya haya linatosha, sina la kuongeza. Lakini yana kasoro moja kwa mtu wa kwetu: unaimba orodha uliyouziwa. Na orodha ya dukani inaweza kufungwa. Duka la mtandaoni la SingStar lilizimwa Januari 2020, na tangu hapo hakuna wa kununua wimbo mpya humo.

Kwa sababu hiyo mimi nachagua UltraStar Deluxe. Ni programu huria, hailipiwi, inakaa kwenye kompyuta ya kawaida, na ikishawekwa haihitaji intaneti. (Performous ni ndugu yake, nayo ni huria na inasoma faili za namna ileile.) Umeme ukikatika, kompyuta ndogo yenye betri inaendelea. Ila sababu kubwa si bei. Ni kwamba wimbo ndani ya UltraStar ni faili la maandishi tu, ambalo unaweza kuliandika mwenyewe kwa programu yoyote ya kuandikia. Juu kuna jina la wimbo, mwimbaji, faili la sauti na mwendo. Chini, kila silabi ina mstari wake: alama ya nukta mbili, mahali inapoanza, urefu wake, kidatu chake, na silabi yenyewe. Kidatu 0 ni do ya katikati ya kinanda. 4 ni mi iliyo juu yake.

Ukiliona faili hilo utashangaa kama nilivyoshangaa: ni unukuzi wa toni! Silabi, urefu, kidatu. Kile tunachoombwa kufanya kwenye karatasi ya mtihani, mchezo unakidai kabla haujakubali kucheza.

Nichukue mfano unaotajwa sana katika masomo yetu, wa Kilokele cha pande za Kisangani. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu na kuandika kitabu juu ya ngoma zinazosema mwaka 1949, alionyesha kwamba neno lisaka lina maana tatu. Silabi zote tatu zikiwa chini, ni dimbwi la maji. Ya mwisho ikipanda, ni ahadi. Mbili za mwisho zikipanda, ni sumu. Tuandike ahadi, tukiamua kwamba chini ni 0 na juu ni 4:

: 0 4 0 li
: 4 4 0 sa
: 8 4 4 ka

Hapa ndipo uchaguzi wa kiwango cha ugumu unapokuwa jambo la kiisimu. UltraStar Deluxe ina viwango vitatu. Kile rahisi kinasamehe kosa la hatua mbili juu au chini; cha kati kinasamehe hatua moja; kigumu hakisamehi kitu. Fikiri sasa mtu asiyejua toni kabisa, anayeimba silabi zote tatu kwa kidatu 2, sawasawa kama meza. Kwa kiwango rahisi, 2 iko ndani ya msamaha wa 0 na iko ndani ya msamaha wa 4. Anapata noti zote. Amesema neno lisilo na toni, na skrini inampongeza. Kwa kiwango cha kati mtu huyohuyo hapati hata noti moja. Kwa hiyo ukitaka kufunza sikio la toni, kiwango rahisi kisiguswe, au nafasi kati ya chini na juu iwe kubwa kuliko 4. Isiwe 12 lakini, maana hapo oktava inayosamehewa inafuta tofauti yote.

Kuna jambo zito kuliko hilo. Mwimbaji wa pili anajua toni vizuri, lakini anaimba sumu mahali pa ahadi. Ametofautiana na faili kwenye silabi moja tu, sa. Noti zikiwa na urefu sawa, anabaki na theluthi mbili za alama za noti. Theluthi mbili! Katika mtihani wetu hiyo ni alama ya kujivunia. Kwa msikilizaji wa Kilokele, kijana amemwahidi mchumba sumu. Mchezo unahesabu kila noti kuwa na uzito uleule kwa urefu wake, ila lugha haihesabu hivyo. Silabi moja inabeba maana yote na nyingine ni abiria. Dawa ndogo ipo: UltraStar inakubali noti za dhahabu, zinazoandikwa kwa nyota badala ya nukta mbili, na zinalipa mara mbili. Weka nyota kwenye silabi inayotofautisha, na anayekosea atapoteza nusu badala ya theluthi. Bado ni rehema kupita kiasi, lakini kidole kimeshaelekezwa mahali panapouma.

Nasisitiza hili kwa sababu ya nyimbo za ibada. Nyingi tunazoimba katika lugha zetu zilitafsiriwa na kuwekwa juu ya tuni za Ulaya, na tuni moja inabeba beti nne au tano. Katika lugha ya toni, tuni inayokwenda vizuri na maneno ya ubeti wa kwanza inaweza kuyapindua ya ubeti wa tatu, kwa sababu maneno yamebadilika na tuni imebaki. Lingala inatoa mfano mfupi: moto, silabi zote mbili chini, ni mtu, silabi ya pili ikipanda, ni kichwa. Ukiandika faili la ubeti kama huo kwa kufuata tuni ya kitabu, mwimbaji anayeifuata kikamilifu atapewa 10,000, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa, na mzee aliyeinua silabi inayostahili kuinuliwa atakatwa. Wapo wanaosema waumini wanaelewa tu kutokana na muktadha. Ni kweli, wanaelewa. Hata Carrington alieleza kwamba ngoma, kwa kuwa inatoa toni tu bila vokali wala konsonanti, inarefusha kila neno kwa sentensi nzima ili msikilizaji asipotee. Lakini wapiga ngoma walijua wanakosa nini na wakalipa gharama yake. Tuni ya kuazima hailipi kitu.

Basi mchezo usitumike kumhukumu mzungumzaji wa lugha. Nimesikia pendekezo la kuwapa wazee wasome maneno mbele ya mikro na kuchukua alama zao kama kipimo cha nani anasema lugha “safi”. Hapana. Toni ni uhusiano: juu ni juu kuliko jirani yake. Mama mwenye sauti iliyo hatua tatu chini ya faili lako atatamka lisaka kwa usahihi na kupata sifuri hata kwenye kiwango rahisi. Tena katika lugha nyingi za Kibantu sauti inashuka polepole kadiri sentensi inavyoendelea, hadi toni ya juu ya mwisho inaweza kulingana na toni ya chini ya mwanzo. Sikio la mwenyeji linalijua hilo na kulisahihisha. Mchezo una hatua zake 12 zilizopigwa misumari. Kwa kazi ya kupima, tumia Praat, programu ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, ambayo nayo ni ya bure. Inachora mstari wa kidatu kama ulivyo na haimpi mtu alama.

Kwa sauti yako mwenyewe, je, mchezo unaboresha? Unachokupa ni kioo: unaona mstari wako juu au chini ya mstari unaotakiwa, wakati uleule unapoimba. Asiyesikia kwamba ameshuka, anaona. Faida hiyo inaharibika vifaa vikiwa vibaya. Spika ikipiga kwa nguvu, mikro inasikia mwimbaji wa asili na kumpa yeye alama zako. Vaa spika za masikioni. Zile zisizo na waya zinachelewesha sauti, nawe utaimba nyuma ya wimbo bila kujua. Tumia za waya. Kisha baada ya siku chache zima skrini, imba, ndipo uangalie alama. Anayefuata mstari kwa macho anafunza macho.

Nimeanza kuandika mafaili ya maneno ya toni, jozi kwa jozi, kila silabi inayotofautisha ikiwa na nyota. Maneno ya pekee hayasumbui. Shida ni sentensi: nikiandika kila toni ya juu kuwa 4, inasikika kama roboti, nikiifuata sauti ya mwenyeji inavyoshuka, toni ya juu ya tatu inaangukia 1, na anayejifunza ataiona chini kwenye skrini na kuiita chini. Kwa sasa naandika yote mawili, faili moja kwa kila njia, na ninamwomba mwenzangu aimbe la kwanza kabla ya la pili.