Ngege kidimbwini, adui wa mbu

Je, una kidimbwi cha samaki kilichoachwa bure nyumbani Kisii au Nyamira? Maji yasiyo na samaki ni makao ya viluwiluwi, ambao hugeuka kuwa mbu waenezao malaria.

Utafiti uliofanywa Kisii ya Kati na kuchapishwa mwaka wa 2007 ulionyesha kwamba ngege waliotiwa katika vidimbwi vya aina hiyo walipunguza mbu wa malaria humo kwa zaidi ya asilimia 94 katika muda wa majuma 15.

Tia ngege wawili au watatu kwa kila mita moja ya mraba. Samaki hawa huzaana upesi, na wakisongamana hudumaa. Kwa hivyo chagua madume pekee, au ongeza kambare wachache ili wawale vifaranga. Hakikisha kambare ni wadogo kuliko ngege, la sivyo watawameza.

Fyeka nyasi zilizoinamia majini, kwani viluwiluwi hujificha humo. Ukivua samaki wote, kausha kidimbwi kabisa au utie wengine mara moja.

Hata hivyo, usiache kulala ndani ya neti. Ukishikwa na homa, nenda ukapimwe damu.