Hati ya mfuko wa uzeeni imepotea? Msikimbilie Nasser Road

Wenye mashine za kusaga mahindi na wauza spea wa Kisenyi, Kampala, wakianzisha mfuko wao wa akiba ya uzeeni, wakili huwaandikia hati ya udhamini. Inafungiwa kabatini, duka linahama, kabati linauzwa. Siku mwenzenu anadai mafao yake, hati haionekani. Tulieni: mfuko upo palepale.

1. Ulizeni kwanza wenye nakala. Sheria ya mwaka 2011 iliyounda URBRA, mamlaka ya mifuko ya uzeeni Uganda, haiwaachii wadhamini kushika kila kitu. Mali hutunzwa na benki, uwekezaji una meneja wake, na hesabu za wanachama zina msimamizi wake. Usumbufu huo mliolalamikia sasa ni neema, maana kila mmoja wao huenda ana hati yenu kwenye faili. URBRA nayo huidai wakati wa kuomba leseni. Na wakili aliyeiandika je?

2. Kama ilisajiliwa URSB, ofisi ya usajili ya Uganda, pandeni boda hadi Kololo mkaombe nakala iliyothibitishwa. Hiyo ina uzito kuliko fotokopi ya mtu yeyote.

3. Ripotini polisi, kisha mle kiapo mbele ya kamishna wa viapo: nani aliitunza, ilionekana lini mara ya mwisho, mmetafuta wapi.

4. Msisahau marekebisho. Hapa ndipo wengi hukwama. Hati ya awali inaweza kutaja wadhamini waliokwisha kujiuzulu na kanuni za mafao zilizobadilishwa zamani. Tafuteni kila nyongeza iliyosainiwa, pamoja na kumbukumbu za vikao vilivyoipitisha.

5. Nakala haipo popote? Wakili aandae hati ya kuthibitisha masharti ya mfuko, wadhamini wote wasaini, na URBRA ijulishwe mapema. Iwe na tarehe ya leo! Wachapaji wa Nasser Road watawachapia hati ya miaka kumi iliyopita, na muhuri juu. Huko ni kughushi, na hati hiyo itamtia shaka hata mwanachama mwenye haki yake halali.

6. Kama chenu ni kikundi cha kuweka na kukopa tu, mnachotafuta ni katiba. Jaribuni ofisi ya maendeleo ya jamii, Central Division.

7. Ikipatikana, iskanini siku hiyohiyo na kila mdhamini atumiwe. Ya asili ikae benki, na risiti yake isikae kwa mweka hazina peke yake.