Kabati Lilipokuwa Meza

Swali: "Cupboard" ni kikombe na ubao. Imekuwaje likawa jina la kabati?

Ubao huo ulikuwa wa kulia chakula. Katika Kiingereza cha kale, "board" ilikuwa pia meza. Basi katika karne ya 14 neno hili lilitaja meza ya kupangia vikombe na vyombo, isiyo na mlango wala kufuli. Matajiri walivianika hapo vyombo vyao vya fedha ili mgeni avione. Fahari ikifungiwa ina faida gani? Kufikia karne ya 16 jina lilikuwa limehamia kwenye samani yenye rafu na milango. Yaani neno lililoanza kwa kuonyesha likaishia kuficha.

Swali: Na ile maana ya meza ilipotelea wapi?

Bado ipo. Bodi ya wakurugenzi ni watu waliokaa kuizunguka meza moja.

Swali: Mbona "p" haitamkwi?

P na b zote hutoka midomoni. Zikikutana, ya kwanza humezwa, kama inavyotokea katika "raspberry". Waingereza walibadili matamshi, tahajia wakaiacha palepale. Ushahidi tunao: orodha za mali za marehemu za karne ya 16 na ya 17 zina maandishi kama "cubbord", kwa kuwa makarani waliandika walichokisikia. Kwa mtafiti wa asili za maneno, kosa la karani lina thamani kuliko kamusi nadhifu. Vina navyo husaidia: katika shairi la watoto la Mother Hubbard, katika toleo la Sarah Catherine Martin lililochapishwa mwaka 1805, jina la bibi huyo linapatana na "cupboard" kwa sauti, ingawa kwa macho hayafanani.

Swali: Kabati letu limetoka huko?

Ndiyo, tena lilipitia sikioni. Lingekopwa kutoka kitabuni, ile "p" ingeacha alama. Kwa hiyo "board" imeingia katika Kiswahili zaidi ya mara moja: waziwazi katika bodi, na kwa kujificha katika kabati.

Swali: Nikitaka kufuatilia neno ambatani jingine, nianzie wapi?

Tafuta kwanza maandishi ya zamani kabisa yenye neno hilo, kisha uliza kila sehemu yake ilikuwa na maana gani wakati huo. Ukikutana na hadithi tamu isiyo na tarehe wala andiko, usiiamini.