Kwa nini sasa napenda kisu kidogo?

SWALI: Nilipoanza kukusanya visu vya kukunja nilitaka vikubwa, vizito. Siku hizi kinachokaa mfukoni ni kidogo, chembamba. Ladha yangu imeharibika? – Msomaji, Muleba

JIBU: Haijaharibika, imekomaa. Mwanzoni tunanunua kwa macho. Baadaye mkono ndio unaoamua.

Chukua Okapi, kisu kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na ambacho sasa hutoka Afrika Kusini. Ukikifungua, meno ya kiungoni yanalia. Ukitaka kukikunja unavuta pete ya mgongoni. Mlio ule humteka kijana yeyote. Lakini menya nacho mkungu wa ndizi mbichi uone: ubapa mnene huondoka na nyama pamoja na ganda, mwembamba hupita chini ya ganda tu.

Halafu linakuja suala la chuma. Kisichoshika kutu hustahimili unyevu wetu wa ziwani. Cha kaboni hufanywa cheusi na utomvu, ila kinanoleka upesi, na mimi hicho ndicho nikipendacho. Wahaya wanakijua tangu zamani: mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha ushahidi kwamba huku Kagera chuma cha kaboni kiliyeyushwa karibu miaka 2,000 iliyopita.

Kisu chako kipanguse kikauke kabla ya kukikunja, na utie tone la mafuta kwenye kiungo. Vile vikubwa usiviuze. Kimoja kibaki cha shambani.