Mwalimu Mmoja, Madarasa Manane

Kufikia mwaka wa 1950, Marekani ilikuwa na shule za mwalimu mmoja zipatazo 60,000, nyingi zikiwa vijijini. Chumba kilikuwa kimoja, na humo waliketi watoto wa darasa la kwanza hadi la nane. Mwalimu aliliita darasa moja kwenye benchi la mbele, akalisikiliza kwa dakika chache, kisha akaliita jingine.

Tujiulize, walimu wenzetu: wale wa madarasa saba yaliyosalia walifanya nini? Hapo ndipo ustadi wa mwalimu ulipopimwa. Aliye hodari alikuwa amekwisha kuwaandalia mazoezi kabla ya kengele. Wakubwa waliwasaidia wadogo kusoma, na wadogo, wakitega sikio, walijifunza mapema masomo ya wakubwa wao. Asiyejiandaa aliwapotezea watoto saa nyingi.

Mwaka 1970 zilikuwa zimesalia shule chini ya 2,000. Barabara na mabasi viliwezesha shule ndogo kuunganishwa. Lakini funzo lake halikufungwa pamoja nazo. Tunapoandaa somo, tuanze na swali hili: mtoto anayengoja zamu yake, tumempa kazi gani?