Divai au Mvinyo?

SWALI: Padre husema divai, lakini chupa za madukani Karatu zimeandikwa mvinyo. Je, ni vitu viwili? – Msomaji, Digodigo, Ngorongoro

JIBU: Kinywaji ni kimoja, kilichotofautiana ni njia yalizopitia maneno. Mvinyo ni vinho ya Wareno. Divai imetoka kwa Wafaransa: wao husema du vin, na hiyo du si sehemu ya jina, huonyesha kiasi tu. Sikio la Kiafrika halikubagua, likameza vyote. Hata Kinyarwanda kina divayi. Katika Biblia ya Union, kilichopungua kwenye arusi ya Kana ni divai. Ila angalia: mvinyo huweza pia kumaanisha pombe kali. Ukikusudia ya zabibu tu, andika divai.