Gari Lilikunywa Maji Korongoni, Sasa Linawaka. Nilipeleke Serengeti?

*Fundi, mimi ni dereva wa watalii, naishi Mto wa Mbu. Naendesha Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ina snokeli. Masika haya nilikuwa narudi peke yangu kutoka Ziwa Natron, nikakuta korongo limejaa kabla ya kufika Engaruka. Magari mawili yalipita mbele yangu, nami nikaingia. Katikati maji yalipanda hadi kwenye boneti, gari likazima. Nikapiga stata mara mbili, ikagonga “ta!” na kugoma. Trekta likanivuta. Fundi wa pale akafungua plagi za hita, akapiga stata, maji yakaruka. Akamwaga oili, akaweka mpya, gari likawaka, nikaliendesha mpaka nyumbani. Lakini likiwa limesimama linaunguruma nasikia linagonga kidogo, na asubuhi linatoa moshi mweupe. Tajiri anasema gari likiwaka ni zima, na wiki ijayo kuna wageni wa Serengeti. Nifanye nini? Na ikionekana kuna kitu kimeharibika, ni haki nikatwe mshahara?*

*Dereva, Mto wa Mbu*

Mdogo wangu, jibu unalolihitaji kabla ya wiki ijayo nakupa kwanza: usilipeleke. Injini iliyozimwa na maji inaweza kuwaka vizuri tu huku imeumia ndani, na dalili mbili ulizozitaja zote zinaelekea huko. Kuna kipimo kimoja cha kumaliza ubishi kati yako na tajiri, nacho ni cha kompresheni. Katika yote uliyonieleza, sijaona mahali kilipofanyika.

Nikueleze kwa nini nina wasiwasi. Hiyo 1HZ ina silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, kwa hiyo kila silinda inavuta hewa ya kiasi cha 694. Pistoni ikipanda, hewa yote hiyo inabanwa zaidi ya mara 22, na nafasi inayobaki juu ni kama sentimita za ujazo 32. Hivyo ni vijiko viwili vya chakula. Hewa inakubali kubanwa, maji hayakubali. Yakiingia maji kuzidi vijiko hivyo viwili, pistoni inafika njiani na kukosa pa kwenda, ilhali gurudumu zito la nyuma ya injini na silinda nyingine bado vinaisukuma. Hapo kinachosalimu amri ni konrodi. Inapinda, pengine milimita chache tu, na wewe hapo nje husikii zaidi ya kishindo.

Konrodi ikishapinda inakuwa fupi, na pistoni yake haifiki tena juu kabisa. Kompresheni ya silinda hiyo inashuka. Asubuhi injini ikiwa baridi, dizeli inayopulizwa humo haiungui yote, inatoka kama moshi mweupe wenye harufu kali ya mafuta. Pistoni nayo inasukumwa upande, na ndiyo maana unasikia kugonga. Kibaya zaidi, chuma kilichopinda kinaendelea kufanyiwa kazi. Ukitembea kwa mizunguko 2,500 kwa dakika, konrodi hiyo inasukumwa na kuvutwa zaidi ya mara 40 kila sekunde. Inachoka polepole, siku moja inakatika na kutoboa bloku. Inaweza kuwa wiki hii, inaweza kuwa baada ya miezi. Ikitokea katikati ya Serengeti na wageni wamo ndani, hamtakuwa tena na kazi ya kubadili konrodi, mtakuwa mnatafuta injini nzima.

Kuna jambo hukulieleza, nalo lina uzito: gari lilizimaje? Kama lilipungua nguvu, likakohoa, likazima taratibu huku umekanyaga mafuta kidogo, kuna matumaini kwamba injini ilikosa hewa kabla ya kumeza maji mengi. Kama lilizima papo hapo kwa kishindo huku mizunguko iko juu, basi jiandae kwa habari mbaya. Ile “ta!” ya stata uliyosikia ilikuwa ni pistoni inayogota kwenye maji. Stata peke yake ina nguvu ndogo kuliko injini inayozunguka, lakini nayo imewahi kupinda konrodi za watu, na kujaribu mara ya pili hakukusaidii chochote.

Sasa vipimo. Kwanza washa injini asubuhi ikiwa baridi, kisha fundi alegeze nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine, akiikaza tena kabla ya kwenda inayofuata, huku amevaa miwani na glavu. Silinda nzima ukiinyima dizeli, mlio wa injini unabadilika na injini inayumba. Silinda dhaifu ukiinyima, injini haijali. Na kama kugonga kunapotea nati fulani ikilegezwa, mmeshampata mgonjwa. Hili ni la pampu za kizamani kama ya 1HZ tu. Kwa magari ya dizeli ya kisasa yenye reli moja ya mafuta, msiguse nati hizo injini ikiwa inazunguka: mgandamizo wake unaweza kupitisha dizeli ndani ya ngozi, na mtu akapoteza mkono.

Baada ya hapo pimeni kompresheni silinda zote sita, kwa geji ya dizeli, maana ya petroli haitafika. Usihangaike na namba moja moja, linganisha. Silinda tano zikikaribiana na moja ikawa chini kwa kiasi kikubwa, silinda hedi ifunguliwe. Hapo fundi atapima kila pistoni inapofika juu, na ile yenye konrodi iliyopinda itabaki chini kuliko wenzake. Zikiwa sawa zote sita, nitafurahi pamoja nawe, na mtatafuta sababu nyingine: plagi za hita zilizokufa, nozeli iliyopata maji, au hewa kwenye njia ya mafuta. Angalia pia kama maji ya rejeta yanapungua. Moshi mweupe usio na harufu ya dizeli na unaodumu hata injini ikipata moto ni mvuke, na huo unaelekeza kwenye gasketi au hedi iliyopasuka.

Yule fundi wa Engaruka simlaumu sana. Kufungua plagi kabla ya kuwasha ndiko kulikookoa kilichookoka. Ila aliruka hatua moja kubwa: kabla ya stata, injini izungushwe kwa mkono, spana ikiwa kwenye boliti ya puli ya mbele, mizunguko miwili kamili. Mkono unasikia. Ukikuta inagota mahali, unasimama na kutafuta sababu, hulazimishi. Halafu alipaswa kuchomoa waya wa kukatia dizeli kwenye pampu, ili stata itoe maji bila kumwagia watu ukungu wa mafuta. Na oili alibadilisha mara moja tu. Maji hayatoki yote kwa mara ya kwanza. Chomoa kijiti cha kupimia leo hii: ukiona rangi ya chai ya maziwa, mwaga tena na ubadilishe filta, injini ifanye kazi dakika kumi bila mzigo, kisha utazame upya. Rudia mpaka oili ibaki na rangi yake. Kuendesha safari ndefu na oili ya aina hiyo kunakula bearing za kranki, hata kama konrodi zote zimenyooka.

Kwa wasomaji wengine wanaopita makorongo haya, naomba mshike hili kabla ya kingine chochote: gari likizimia majini, ondoa mkono kwenye swichi. Weka gia huru, tokeni kama maji yanawaruhusu, na likivutwa livutwe likiwa kwenye gia huru. Msikubali wale vijana wanaokuja mbio kusema lisukumwe lipigwe gia. Magurudumu yana nguvu kuliko stata yoyote, na injini iliyokuwa na nafuu inamalizwa hapo. Likifika pakavu, chomoa hasi ya betri, fungua kikombe cha filta ya hewa. Filta ikiwa kavu na bomba linaloenda kwenye injini likiwa kavu, pengine hamna maji ndani na mnatafuta tatizo la umeme au mafuta. Filta ikilowa, hesabuni kwamba yameingia. Kwa petroli mnafungua plagi za moto, kwa dizeli plagi za hita. Na plagi ya hita ikigoma msiilazimishe, itakatikia ndani, afadhali mtoe nozeli. Kwa injini yenye tabo, fungueni pia mabomba ya hewa na intakula, maji hujificha humo na kumezwa siku ya pili.

Muda nao si rafiki. Kutu inaanza kwenye kuta za silinda ndani ya saa chache, kwa hiyo gari likiwa mbali na gereji, bora maji yatolewe palepale na kila silinda iwekwe oili kidogo sana, kijiko cha chai, kuliko kuliacha siku tatu likisubiri winchi. Maji ya Ziwa Natron yana magadi na ya baharini yana chumvi, na haya yanakula chuma upesi zaidi. Na kama kilichoingia ni tope lenye mchanga, msizungushe hata kwa mkono. Hiyo ni injini ya kufunguliwa.

Mdogo wangu, usisahau vya chini. Difu na giaboksi zikiwa zimepata moto halafu zikatumbukia ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani inanywea na kuvuta maji kupitia sili na vipumulio. Legeza boliti za kumwagia oili kwenye difu zote mbili, giaboksi na transfa. Maji yanakaa chini, yatatoka kwanza. Bearing za magurudumu zifunguliwe zipakwe grisi upya. Chini ya filta ya dizeli kuna sehemu ya kumwaga maji, yamwage pia.

Snokeli ilikudanganya, kama inavyowadanganya wengi. Nyingi zinazofungwa mitaani zinasaidia vumbi tu, viungio vyake havikuzibwa, au kile kijipira cha kutolea vumbi chini ya kikombe cha filta kimechanika na maji yanapita hapo. Ijaribu: injini ikiwa inaunguruma taratibu, ziba mdomo wa snokeli kwa ubao bapa. Injini inapaswa kuzima mara moja. Ikiendelea, inavuta hewa mahali pengine, na ndipo maji yalipopita. Hata ikiwa nzima, Toyota wenyewe wanaitaja Land Cruiser ya aina hii kwa maji ya sentimita 70, na Land Rover Defender ya zamani ni sentimita 50. Maji ya kufika kwenye boneti yamepita mbali hapo. Makorongo ya upande ule hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha milimani na mara nyingi hushuka ndani ya saa chache. Kusubiri kungekugharimu usiku mmoja.

Kuhusu mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata tu anavyojisikia. Hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akueleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi na namna alivyokipata, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Kuingia kwenye maji yale ulikosea, na kulisema wazi kutakujengea heshima. Lakini ukiandika leo kwamba gari linagonga na umeomba lipimwe, kisha yeye akaamua liende, litakalotokea Serengeti si lako peke yako. Andika, weka tarehe, baki na nakala.

Mwonyeshe tajiri ukurasa huu. Mwambie wageni wakodiwe gari jingine kwa safari hii moja, na hilo lenu liingie gereji ya Arusha yenye geji ya dizeli. Konrodi moja, gasketi na kazi ya fundi ni gharama inayouma, lakini bloku iliyotobolewa haishonwi.